Asali Tuliyoifuata Muyinga

Sisi tuliokulia Gitega wakati simu ilikuwa kitu cha kuazima kwa jirani, likizo ilikuwa na maana moja tu. Mimi na mdogo wangu Salama tulipelekwa Muyinga kwa Bibi Mwajuma, aliyemzaa mama yetu. Baba alikuwa fundi cherehani, mama alikaanga maandazi mbele ya nyumba, na nadhani wote wawili walipumua shule zilipofunga na sisi tukaondoka. Tulipitia Karuzi, vumbi likitujaa mpaka kwenye kope, na tukifika Bibi hakutukumbatia kwanza. Alituelekeza kwenye ndoo ya maji.

Nyumba yake ilinuka moshi, vitenge vipya na asali. Vitenge ndivyo alivyouza sokoni. Asali ilikuwa ya nyumbani, ilikaa kwenye dumu la njano chini ya kitanda, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa ila yeye. Ukikohoa, ulipewa kijiko cha asali kwenye maji ya moto yenye tangawizi na limau, ukanywe umekaa, si unarukaruka. Visigino vikipasuka kwa jua la Julai, Bibi aliyeyusha nta na mafuta ya mawese, akakupaka, ukalala umevaa soksi. Kipande kingine cha nta alikifunga kwenye karatasi tumpelekee baba Gitega, kwa sababu uzi uliopitishwa kwenye nta haukatiki ovyo kwenye suruali nzito. Masega yaliyobaki yalikuwa yetu. Tuliyatafuna mpaka utamu ukaisha, ikabaki nta mdomoni, tukaibandika chini ya kiti ili tuitafune tena kesho yake. Wanangu nikiwaeleza hili wananiangalia kama nimesema tulikuwa tunakula udongo. Wao jojo ikipungua utamu kidogo tu wanatema, wanataka nyingine.

Bibi hakuwa mganga, wala hakujifanya mganga. Mtoto mwenye homa alimpeleka kituo cha afya kama watu wengine. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka hakumlambisha asali hata kidogo. Zamani alikuwa akiwalambisha, lakini Salama alipozaliwa muuguzi alimweleza kwamba asali inaweza kumletea mtoto mchanga ugonjwa mbaya, tumbo lake halijaiweza. Mama anasema Bibi alinuna wiki nzima. Kisha akageuka kuwa yeye ndiye askari wa jambo hilo. Jirani akija na kichanga na kuuliza habari ya asali, Bibi alimjibu, "Huyu bado. Arudi akiwa anatembea."

Aliyeleta asali hiyo aliitwa Mzee Petero. Alikuwa mkulima, Mkristo, amekaa Tanzania miaka mingi ya ukimbizi kabla ya kurudi na mke wake na binti yao Konsolata, ambaye alikuwa wa umri wangu. Shamba lake lilikuwa kwenye kilima nje ya mji. Kiswahili chake kilikuwa kile cha ng'ambo, kimenyooka, na sisi watoto wa mjini tuliopenda kuchanganya Kirundi, Kifaransa na kila kitu tulimwiga nyuma ya mlango. Alikuja na baiskeli, dumu limefungwa nyuma kwa kamba ya mpira, akakaa kwenye benchi, akaomba maji.

"Nyuki hawajambo, Petero?" Bibi alimuuliza, kama mtu anayeulizia watoto.

"Hawajambo, mama. Maua ya mikaratusi yametoka vizuri. Wanafanya kazi."

Kisha alitoa mfukoni gundi nyeusi ya nyuki, ile wanayozibia nyufa za mzinga, akaitafuna polepole. Alisema inamsaidia fizi. Sijui kama ilimsaidia. Najua alikuwa na meno mengi kuliko wazee wengine tuliowafahamu.

Kwake kulikuwa na mizinga mingi. Ilikuwa ya fito zilizosukwa mviringo, ikakandikwa samadi ya ng'ombe na kufunikwa majani makavu ya mgomba, imelazwa juu ya matawi ya miti. Ukisimama chini asubuhi ulisikia mvumo mmoja usiokatika, na baada ya muda hukuusikia tena, kama usivyosikia moyo wako. Konsolata alipita chini ya mizinga hiyo na kuni kichwani bila kuharakisha. Mimi na Salama tulipita tukikimbia, tumejifunika kanga.

Mwaka ambao mama mdogo wetu Hadija aliolewa, nyuki walimjia Bibi wenyewe. Ilikuwa likizo kubwa. Turubai lilifungwa uani tangu jana yake, viti vimepangwa, masufuria ya pilau yako jikoni, na wageni wa bwana harusi walikuwa njiani kutoka Gitega. Saa nne hivi asubuhi tukasikia sauti kama ya lori linalopanda mlima kwa mbali. Kisha jua likawa na madoa. Kabla hatujaelewa, bumba la nyuki lilikuwa limeshuka na kuning'inia kwenye mti wa turubai, palepale juu ya kiti alichopangiwa Hadija. Lilikuwa na ukubwa wa gunia dogo la maharage, na lilikuwa linatikisika.

Wanawake waliacha miiko jikoni. Watoto tuliingizwa ndani, tukabanana dirishani. Hadija, ambaye alikuwa amekwisha pakwa hina, alikaa sakafuni akalia, akisema ni mkosi, ndoa yake imeingiliwa kabla haijaanza. Jirani yetu Rashidi, mwenye pikipiki, akaja na chupa ya esanse, petroli ya pikipiki yake, na kitambaa kwenye mti mrefu.

"Mi nitawachoma, Mama Hadija," alisema. "Dakika kidogo tu, inakwisha."

Bibi alisimama kati yake na turubai. "Rudisha esanse yako kwa pikipiki. Utachoma nyuki, utachoma na bashi ya watu, turubai lote hili, na pilau yangu itanuka esanse."

"Sasa donc tutafanya nini? Wageni iko njiani."

"Wageni watakula kwako. Uwanja yako ni kubwa kuliko yangu."

Rashidi alifikiri kidogo, akazima sigara yake, akaenda kufagia uwanja wake. Bibi alimwendea Hadija pale sakafuni. Hakumbembeleza sana. Alimwambia, "Hawa wamesikia harufu ya sukari. Wamekuja kula harusi kama wengine. Amka unawe uso."

Mtu alitumwa kwa baiskeli kumfuata Petero. Alikuja amevaa shati lake la kanisani, maana naye alikuwa amealikwa, na kapu kubwa la kusuka mkononi. Alitazama bumba lile kwa muda, akasema wamechoka tu, wanatafuta pa kukaa, na nyuki wa namna hiyo hawana ukali mwingi kwa sababu hawana nyumba ya kulinda. Aliomba majani mabichi, akayawasha yatoe moshi kidogo. Akapanda juu ya kiti cha bibi harusi, akaweka kapu chini ya bumba, akautingisha mti wa turubai mara moja kwa nguvu. Lile bumba liliangukia ndani ya kapu kama ugali unavyotoka chunguni. Alilifunika kwa kanga ya Bibi, akaacha upenyo mdogo, akaliweka kivulini.

"Malkia akiwa ndani, waliobaki watamfuata," alisema. "Nitawachukua jua likipoa."

Na ndivyo ilivyokuwa. Harusi ililiwa kwa Rashidi. Nyuki wachache waliokuwa bado wanazunguka walimwona mpambe wa bwana harusi, aliyejipulizia manukato mengi, na mmoja akamuuma kwenye kope. Bibi aliukwangua mwiba kwa ukucha, hakuubana, akamwekea kitambaa cha maji baridi na kukaa naye mpaka alipohakikisha anapumua vizuri. Picha zote za harusi ya Hadija zina kijana mwenye suti nzuri na jicho moja. Hadija na mume wake wanaishi Bujumbura mpaka leo, wana watoto wakubwa, na kila mgeni anayefunguliwa albamu lazima ahadithiwe habari ya lile jicho.

Likizo ya Pasaka iliyofuata mambo hayakuwa ya kucheka. Mvua zilikuwa nyingi, tulikuwa jikoni tukiota moto, na Salama, ambaye hata shule alikuwa hajaanza vizuri, alijikwaa kwenye sufuria ya uji. Ulimmwagikia paja lote. Bibi alimnyanyua, akamtoa nje kwenye pipa la maji ya mvua, akammwagia maji kwa muda mrefu, muda mrefu sana, huku jirani mmoja akishauri dawa ya meno na mwingine akishauri unga. Bibi aliendelea na maji. Alimfunga na kanga safi, akampeleka kituo cha afya mgongoni, mimi nikiwa nyuma nimeshika viatu vyake.

Walimtibu. Lakini siku zilipita na kidonda hakikufunga. Kilikuwa kinatoa maji, kikaanza kunuka, Salama akawa hataki kula. Muuguzi wa pale, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, alikuwa anakisafisha kila siku. Siku moja alimwita Bibi pembeni. Alisema dawa ya kupaka imewaishia na haijulikani itafika lini. Alisema vidonda vya moto vinaweza kufungwa kwa asali, amefundishwa na ameona vikipona, ila iwe asali safi kabisa, isiyotiwa maji wala sukari.

"Na mi mwenyewe ndiyo nitamfunga," alisema. "Msimfungie nyumbani. Homa ikipanda tunamtuma hospitali kubwa, hatungojei."

Dumu la Bibi lilikuwa limebaki mashapo tu. Sokoni ilikuwepo asali, lakini nani angeapa kwamba haina sukari? Tukapanda kilimani kwa Petero, mimi na Bibi, kwenye utelezi, Bibi akishika migomba ili asianguke. Nilikuwa sijawahi kumwona amechoka.

Petero alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama mawingu.

"Mama, huu si wakati wake," alisema. "Mvua imewafungia ndani. Kilichomo ndicho wanachokula."

"Najua, Petero. Nimekuja kwa sababu sina pengine."

Mke wake alisema kitu kwa Kirundi, kifupi, nikasikia neno "umwana", mtoto. Petero akaingia ndani akatoka na kisu. Alingoja mvua ikatike, akapanda, akafungua mzinga ule aliouona mzito kuliko mingine, akakata sega moja. Nyuki hawakufurahi. Walimuuma mikono na shingo, naye akashuka taratibu, sega likiwa kwenye jani la mgomba, akampa Bibi. Bibi alitaka kufungua fundo la kanga yake amlipe, akamzuia kwa mkono. Baadaye Konsolata aliniambia mzinga ule haukuvuka mvua zile. Nyuki wake walihama.

Muuguzi alikamua asali ile kwenye kitambaa kilichochemshwa. Alimfunga Salama kila siku, na kila siku Salama alilia, kisha akalia kidogo, kisha siku moja akauliza kama anaweza kuilamba. Bibi alitoka nje ya chumba. Nilimfuata nikamkuta ameegemea ukuta, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaniambia moshi wa jikoni umemwingia. Pale hapakuwa na jiko.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Tuliendelea kwenda Muyinga kwa misiba na harusi, lakini si kwa likizo. Mtu anaolewa, anazaa, anafungua duka la vitambaa Gitega, na miaka inapita. Asali tulianza kununua kwenye chupa za plastiki kutoka kwa wapita njia. Wengine walisema ni ya Mutaho, wengine ya Bugendana, na nyingi yake, ukiiacha mezani siku chache, ilikaa sukari chini na maji juu. Tulilalamika, tukanunua tena.

Nilipopanda tena kile kilima nilikuwa na watoto. Nilikwenda kumsalimia Petero, tena nilimbebea kitenge mke wake, nikakuta mke wake ameshazikwa. Petero mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi, macho yameanza ukungu. Nilisalimia, nikakaa, na ilinichukua muda kuelewa kitu gani kimekosekana. Palikuwa kimya. Mizinga ilikuwa bado juu ya miti, ile miti iliyobaki, maana mingi ilikwisha kuwa makaa na kuni za kuchomea matofali. Lakini hakuna kilichotoka wala kuingia.

"Walikufa?" nilimuuliza.

"Wengine walihama. Wengine niliwakuta asubuhi chini ya mzinga, wamelala kama makapi ya mtama. Niliwazoa kwa fagio." Aligeuza uso upande wa bonde. "Kule bondeni wanalima nyanya."

Alisema "wanalima", lakini nilijua anamsema nani. Konsolata alikuwa mjane, na nyanya za bondeni ndizo zilizowaweka watoto wake shule. Nilimkuta huko, pampu ya dawa mgongoni, mchana kweupe. Tulikumbatiana, akanitafutia kivuli. Alikuwa anajua kwamba nimetoka kwa baba yake.

"Mi napuliza dawa kama wengine wote," alisema kabla sijauliza. "Nisipopuliza, wadudu wanamaliza. Nikipuliza, papa hasemi na mimi. Tunakula meza moja, ananiomba chumvi kupitia kwa mtoto. Asha, ungekuwa we, ungefanya nini?"

Nilirudi Gitega na kikapu cha nyanya nzuri sana, na nilizipika, na zilikuwa tamu.

Mwaka jana baba alianza kukohoa. Hospitali walimpima, wakasema kifua chake hakina ugonjwa mkubwa, ni uzee na mavumbi ya vitambaa, wakampa dawa. Kikohozi kilipungua lakini hakikuisha, na baba, ambaye hajawahi kuomba kitu, akasema angepata asali ya kule kwa mama mkwe wake angelala vizuri. Nikafunga duka, nikaenda Muyinga.

Konsolata ndiye aliyenipokea, na mara hii hakuwa na pampu. Alinieleza nikiwa bado sijamaliza chai. Baada ya ile safari yangu, maboga yake yalitoa maua na maua yakaanguka. Marakuja, au pasheni, vilevile, maua mazuri, matunda hakuna. Alifikiri ni udongo, akaongeza mbolea. Kisha msimu mwingine ukawa vilevile, na siku moja akamkuta baba yake, na macho yake yale mabovu, ameinama shambani anapangusa ua la boga moja kwa jingine kwa unyoya wa kuku, akifanya kazi ya nyuki. Hakuwa ameambiwa na mtu.

"Nilikaa chini pale kwa mtaro, nikamwambia papa, niambie nifanye nini. Ilikuwa mara ya kwanza tunaongea tangu siku nyingi."

Petero hakumwambia aache nyanya. Alimwambia asipulize maua yakiwa wazi, na kama lazima apulize, basi jioni, nyuki wamekwisha rudi. Konsolata akaenda kwa majirani wa bondeni mmoja mmoja. Baadhi walikubali. Mmoja alimcheka, akamuuliza tangu lini amekuwa bosi wa nzi. Bado anapuliza saa sita mchana mpaka leo. Lakini msimu uliopita kundi moja lilikuja, likaingia kwenye mzinga mtupu nyuma ya nyumba. Moja tu.

Alinipeleka. Petero alikuwa amekaa karibu na mzinga, sikio limeelekea kule juu. Nilimsalimia, nikamweleza habari ya baba.

"Nampenda baba yako," alisema. "Alinishonea koti, mpaka leo ninalo. Lakini hawa ni wachache, Asha. Nikiwakata sasa hawatafika mvua. Nisamehe."

Nilimwambia hana la kusamehewa. Nilikaa naye mpaka chai ikapoa. Nilijaribu kuwasikia wale nyuki na niliwasikia kwa shida, mvumo mwembamba, unasikika ukiacha kuongea.

Enzi zile hatukuwahi kuwaza kwamba nyuki ni wa kubembelezwa. Walikuwa kama mvua, wapo, wanakera, unajifunika kanga unapita. Watoto wetu wanamjua nyuki wa kwenye katuni, anayeongea na kuvaa viatu. Mmoja wa kweli akiingia darasani, wanapiga kelele mpaka mwalimu anatafuta dawa ya mbu. Asali wanayoipenda ni ile ya chupa, na mwanangu wa pili, nilipopata siku moja ile ya kweli na kumwonjesha, alisema inanuka moshi, akaomba jemu. Siwalaumu. Sisi tuliikuta imejaa, tukala, na hatukuuliza nani aliyeijaza.

Nilifika Gitega mikono mitupu. Nilichemsha tangawizi na limau, nikatia sukari, nikampelekea baba chumbani. Alikunywa taratibu. Nadhani alijua kwa funda la kwanza kwamba si asali. Aliniuliza tu kama barabara ya Karuzi bado ina mashimo.